Nilivyopunguza kafeini bila kuacha chai

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilala saa nne usiku na kuzinduka saa nane, moyo ukienda mbio, nisipate tena usingizi hadi alfajiri. Kwa kuwa nilikunywa vikombe sita vya chai nyeusi kwa siku, cha mwisho baada ya chakula cha usiku, chanzo hakikuwa kigumu kukibaini. Hata hivyo sikutaka kuiacha chai, kwa hiyo nikahamia kwenye chai nyeupe, nikiamini kwamba kadiri kinywaji kinavyopauka ndivyo kafeini inavyopungua. Wiki mbili zilipita na usingizi haukurudi.

Kosa langu lilikuwa kupima kafeini kwa rangi. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis, na kinachozitenganisha ni namna majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa: ya chai nyeusi huvurugwa na kuachwa hewani mpaka yageuke rangi, ilhali ya kijani hupashwa moto mapema ili yabaki na ukijani wake. Kazi hiyo hubadili ladha na rangi, lakini kafeini huigusa kidogo tu. Mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu, na huilimbikiza zaidi katika vichipukizi na majani machanga kuliko katika majani yaliyokomaa. Nilipomimina kijiko kimoja cha ile chai nyeupe juu ya karatasi na kuitazama kwa karibu, niliona kwamba karibu yote ilikuwa vichipukizi vitupu, vyenye vinyweleo laini vya rangi ya fedha. Nilikuwa nimechagua sehemu ya mmea iliyojaa kafeini, kisha, kwa kuwa ilionekana hafifu, nikawa naiacha katika maji yanayochemka kwa dakika kumi.

Kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi kwa kawaida huwa na miligramu 40 hadi 70 za kafeini, na cha chai ya kijani 20 hadi 45, lakini tarakimu hizo hupanda na kushuka kulingana na uzito wa majani, joto la maji na muda wa kuloweka. Nilianza kupima gramu mbili kwa kikombe badala ya kukadiria kwa kijiko, na kutoa majani baada ya dakika tatu. Chai ya kijani nikaitilia maji ya nyuzi 80 kwa dakika mbili. Matcha niliiacha kabisa, maana anayeikunywa humeza jani zima lililosagwa. Nilijaribu pia ushauri wa kumwaga maji ya kwanza baada ya nusu dakika, na siupendekezi: kafeini huendelea kutoka kwa dakika kadhaa, na kinachomwagwa mwanzoni ni sehemu yake tu, pamoja na harufu nzuri ya chai.

Lililonisaidia zaidi lilikuwa saa. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni huacha nusu yake mwilini saa nne usiku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya asiye mjamzito, lakini pia kwamba miligramu 100 kwa mkupuo mmoja, hasa karibu na muda wa kulala, zinaweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu. Vikombe vyangu sita havikufika 400. Tatizo lilikuwa vile viwili vya mwisho. Sasa chai yenye kafeini naimaliza kabla ya saa nane mchana, na jioni nakunywa mchaichai au kamomili, ambazo si za mmea wa chai na hazina kafeini.

Katika wiki ya tatu nililala hadi saa kumi na moja alfajiri. Ile chai nyeupe sikuitupa. Naikunywa asubuhi, gramu mbili, dakika tatu.