Nilivyouzwa Bandarini Malindi

Boti kutoka Dar ilipigwa na kusi, nusu ya abiria tukatapika, na maji ya kunywa mle ndani bei yake ni ya hoteli. Hayo nimesamehe. Nisilosamehe ni la nje ya geti la bandari ya Malindi, hapa Unguja.

Dereva mmoja mnene alikwishalikamata begi langu. Mwenzake, mzee mwembamba mwenye gari kuukuu, akaja juu: "Huyo wangu, nimemwona tangu anashuka!" Wakabishana, nami katikati kama mbuzi wa mnadani. Nikasema naenda Mwanakwerekwe, tena kwa daladala. Hakuna aliyenisikia. Mara wakatokea Wazungu wawili wa Nungwi, ugomvi ukaisha: mnene akachukua Wazungu, mwembamba akapewa mie. Bei, elfu ishirini na tano, niliisikia nimeshakaa garini.

Nikanuna. Mzee, kumbe aliwahi kusomesha historia, akacheka.

"Mwanangu, Sayyid Ali bin Said, Sultani wa Zanzibar, yalimkuta hayo hayo. Julai 1890 Mjerumani kapewa Heligoland, kijisiwa kisichofika hata kilomita mbili za mraba, Mwingereza kaachiwa Unguja na Pemba. Mfaransa kalalamika, maana tangu 1862 yeye na Mwingereza waliahidiana kuuheshimu uhuru wa Sultani. Akanyamazishwa kwa Madagaska."

"Na Wamalagasi waliulizwa?"

"Wewe uliulizwa pale Malindi?"

Hakuacha hapo. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilielekeza mizinga kwenye kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kabla ya Ali. Barghash akamgeukia rafiki yake Mwingereza, naye akamshauri akubali, kwa kuwa alikuwa akimhitaji Bismarck, kansela wa Ujerumani, kwenye mambo ya Misri.

Mimi kwetu Pangani. Bushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, tunamjua tangu utotoni. Wajerumani walimnyonga pale pale kwetu, Desemba 1889. Ila la mwaka uliofuata sikuwahi kulitia akilini: pwani yetu, Pangani na vitongoji vyake, Sultani aliiachia kwa Wajerumani kwa marki milioni nne. Nilikuwa nikimhurumia Sayyid Ali tangu Darajani. Kufika Amani huruma ikapungua. Yeye angalau alilipwa.

Mwanakwerekwe nikatoa elfu ishirini, nikaapa sina zaidi. Mzee akazihesabu, akabaki kanyoosha mkono.

"Tano bado."

"Mzee wangu, si tumekuwa jamaa sasa?"

"Mie ningekusamehe. Hiyo tano ni ya yule mnene."