Uzoefu wangu wa kuuguza goti jipya nyumbani

Siku niliyorudi nyumbani Mbagala kutoka hospitali, siku ya tano baada ya kubadilishiwa goti la kulia, nilimkuta mkamwana wangu amekwisha kutandika kitanda na kuweka mto mnene mahali ambapo goti langu lingelala. Nilipolaza mguu juu ya mto ule maumivu yalipungua papo hapo, nami nikamwombea dua kwa huruma yake. Nikalala hivyo kwa siku tisa mfululizo. Siku ya kutolewa nyuzi, kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alinilaza chali juu ya kitanda kigumu, akapitisha kiganja chake chini ya goti langu, na kiganja kikapita bila kugusa ngozi. Akaniuliza kwa upole, "Mama, nyumbani unaweka mto hapa?" Nilipokubali, akanieleza kwamba goti linalopona likiwa limekunjwa huelekea kubaki limekunjwa, na kwamba mtu wa namna hiyo hutembea akichechemea kana kwamba mguu mmoja umekuwa mfupi, hata kama upasuaji wenyewe ulifanyika vizuri kabisa.

Huenda niliambiwa jambo hilo nilipokuwa natoka hospitali. Nakumbuka karatasi ya dawa, nakumbuka tarehe ya kliniki, lakini habari ya mto siikumbuki, na mkamwana wangu, ambaye ndiye aliyekuwa aniuguze, wakati huo alikuwa dirisha la malipo. Ndiyo maana namsihi kila anayejiandaa kwa upasuaji huu ahakikishe kwamba yule atakayemhudumia nyumbani amesimama kando ya kitanda maelezo yanapotolewa, kwa sababu mgonjwa aliyekunywa dawa kali za maumivu hasikii mambo kama anavyosikia mtu asiye mgonjwa.

Nilikuwa na miaka 67. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, nyingi kati ya hizo nikiwa nimesimama, na gegedu la goti la kulia, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika mpaka mifupa ikawa inasagana. Daktari alinieleza kwamba hawatoi goti lote kama watu wanavyodhani. Hukata sehemu nyembamba iliyoharibika kwenye ncha ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, wakazifunika kwa chuma, na katikati wakaweka plastiki ngumu inayoshika nafasi ya gegedu. Misuli, kano na ngozi zinabaki zile zile za mtu mwenyewe. Baadaye nilielewa kwamba kazi ya nyumbani yote ni ya vitu hivi vya mtu mwenyewe: chuma hakihitaji mazoezi, ila msuli wa paja uliokaa miaka ukikwepa maumivu unahitaji kufundishwa upya.

Matayarisho ya nyumba tulikuwa tumeyafanya kabla, na hayo sijutii hata kidogo. Mwanangu aliinua kitanda kwa tofali moja kila mguu ili nisilazimike kushuka chini sana wakati wa kukaa. Mikeka na mazulia yote yalikunjwa na kuwekwa juu ya kabati, maana ncha ya mkeka inaweza kumwangusha mtu anayetembea kwa fremu ya kushikilia. Tulitafuta kiti kimoja kigumu chenye mikono, kwa kuwa kochi la sebuleni lilikuwa la chini na laini, na mtu akizama humo hawezi kuinuka bila kuvutwa. Shida kubwa ilikuwa choo. Chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na goti jipya haliwezi kabisa kuchuchumaa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo fundi alikuja wiki mbili kabla ya upasuaji akaweka choo cha kukaa na kufunga bomba la chuma ukutani la kushikilia. Asiye na uwezo wa kujenga anaweza kununua kiti chenye tundu na ndoo chini yake. Jambo hili lisisubiri mpaka mgonjwa arudi, kwani haja haiahirishwi, na aibu ya kubebwa chooni inaumiza kuliko mshono.

Baada ya siku ile ya kliniki nilibadilisha utaratibu wangu wote. Mto ulihamia chini ya kisigino. Mara tatu kwa siku nililala chali, taulo lililoviringishwa likiwa chini ya kisigino na chini ya goti pakiwa patupu, nikauacha mguu ujinyooshe kwa uzito wake mwenyewe kwa dakika kumi. Dakika hizo ni ndefu. Kisha nilikaza msuli wa paja kana kwamba naligandamiza goti kitandani, nikahesabu mpaka tano, nikalegeza, mara kumi. Halafu nikauinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Kwa upande wa kukunja, nilikaa kwenye kile kiti kigumu na kuuburuta unyayo kuelekea nyuma sakafuni mpaka goti likatae, nikalishikilia hapo, kisha nikajaribu tena kusogea upana wa kidole.

Mjukuu wangu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kila Ijumaa alipiga mstari wa chaki sakafuni pale kisigino kilipofika na kuandika tarehe pembeni. Kliniki walipima goti linakunjika kwa digrii ngapi, wakapata 70 wiki ya pili, 90 wiki ya tano na 115 mwezi wa tatu, lakini kilichonipa moyo ni ile mistari ya chaki, kwa sababu ipo wiki ambayo nililia nikiamini kwamba sijasogea kabisa, naye akanionyesha, "Bibi, tazama, wiki iliyopita ulikuwa hapa."

Nilijifunza pia kumeza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi badala ya kungoja maumivu yanizidi. Mwanzoni niliona ni ushujaa kuvumilia bila dawa, na matokeo yake nikawa nafanya nusu ya mazoezi huku nimekaza mwili mzima. Barafu ilinisaidia kuliko nilivyotarajia: tuligandisha maji kwenye chupa ndogo, tukazifunga kwa kanga ili zisiunguze ngozi, na kuziweka pande mbili za goti kwa dakika 15 au 20 baada ya kila zoezi. Zile dawa kali za wiki za kwanza zilinifungia choo, nikarekebisha kwa papai, mchicha na maji mengi.

Wageni walikuja kwa wingi, na nawashukuru wote. Hata hivyo, desturi yetu ya kumkanda mgonjwa ilinipa mtihani. Karibu kila mama mwenzangu aliyeingia alitaka maji ya moto na mafuta ya nazi anikande, na kumkatalia mtu aliyepanda daladala mbili kuja kukujulia hali ni jambo zito. Wiki ya tatu kigimbi cha mguu uliopasuliwa kilivimba, kikawa cha moto na chenye kuuma nikikanyaga. Jirani ambaye ni kama dada yangu alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake aanze kunichua. Nikamwambia, "Dada, leo hapana, twende hospitali kwanza." Nilikumbuka nilivyoonywa kwamba baada ya upasuaji huu damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na bonge likichomoka na kufika kwenye mapafu linaweza kuua, na ndiyo sababu ya zile dawa za kuzuia damu kuganda ambazo sikuruka hata siku moja. Walinipima mishipa kwa ultrasaundi na hawakukuta bonge. Ulikuwa uvimbe wa kawaida ulioshuka kutoka gotini. Jirani yangu alinisubiri hapo hospitali mpaka jioni. Maumivu ya kigimbi, pumzi kubana ghafla, homa, au mshono unaotoa usaha havisubiri tarehe ya kliniki.

Usiku ndio ulionishinda. Mchana mtu ana wageni na mazoezi, lakini ikifika saa nane za usiku goti huwaka moto, upande wa kulalia haupatikani, na mawazo huja kwamba labda ningebaki na goti langu la zamani. Hali hiyo ilidumu karibu miezi miwili. Nilichoona kinafaa ni kuamka, kutembea na fremu mpaka sebuleni na kurudi, kuweka barafu, kisha kulala tena. Kuswali nikiwa nimekaa kwenye kiti kulinitia huzuni mwanzoni, ingawa najua dini imemruhusu mgonjwa. Nikazoea, na mpaka leo naswali hivyo.

Fremu niliitumia wiki nne, kisha gongo moja nikilishika mkono wa kushoto, yaani upande wa mguu mzima, jambo ambalo wengi hulikosea. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda na mguu mgonjwa hutangulia wakati wa kushuka. Daladala sikuipanda mpaka mwezi wa nne, kwa kuwa ngazi yake ni ndefu na kondakta hana subira. Kliniki nilikwenda kwa bajaji, nikikaa mshazari ili mguu unyooke.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Goti linanyooka kikamilifu. Kiganja hakipiti tena. Ngozi ya upande wa nje wa kovu bado ina ganzi, na nikitembea sana jioni huvimba kidogo. Mbuzi yangu ya kukunia nazi imewekwa juu ya sanduku la mbao, nami hukaa kwenye stuli ya juu kuikalia kwa pembeni, na nazi inakunika. Goti la kushoto nalo limeanza kunisumbua ninapopanda ngazi, na daktari amekwisha kuniona. Matofali ya kitanda nimewaambia wasiyatoe.