Duma kwenye mzani wa sonara

Jana nimepeleka pete ikaunganishwe kwa sonara mmoja hapa mjini, karibu na Makoroboi. Nikamkuta babu anafungua leso, fundo juu ya fundo, ndani sarafu ya dhahabu: upande huu Mwalimu Nyerere, upande wa pili duma. Shilingi 1500, ya mwaka 1974! Zilitolewa enzi zile kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori. Mzani ukasoma gramu 33 na ushee.

"Niiyeyushe mzee, nikupe bei ya gramu?"

Mimi na kiherehere changu: "Shikamoo babu, usiyeyushe! Wakusanyaji wa sarafu wapo." Jicho nililokatwa na sonara, acha tu 😂. Babu akaifunga leso yake. Pete yangu? Nimeambiwa nirudi Jumatatu.