Nilivyojifunza kuulegeza mgongo uliouma miaka mitatu

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Kazi hii nina miaka 19 nayo, na mitatu kati ya hiyo niliifanya huku mgongo unaniuma tangu naamka hadi nalala. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoinamia kitambaa siku nzima, na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba mgongo wake umekwisha.

Mimi niliambiwa hivyo. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule. Sketi na mashati vimejaa mezani, pesa za kianzio nimeshazilipia ada ya mwanangu, na wazazi wananipigia simu tangu alfajiri. Niliinama kuokota mkasi, kiuno kikakamata. Nikabaki nimepinda vilevile, nimeng'ang'ania meza, hadi jirani alipokuja kunikalisha. Nikapigwa picha, nikaambiwa pingili zimesagika, nisiiname, nisibebe kitu, nizoee. Nikarudi nyumbani na diklofenaki, vidonge vya maumivu, na mkanda wa kiuno.

Nikazoea, lakini vibaya. Mkanda nikawa nalala nao. Kitu kikianguka, namwita mtoto aniokotee. Swala nikaihamishia kwenye kiti. Vidonge vikaanza kuniunguza tumbo. Nilichuliwa na watu watatu tofauti, kila mmoja akibonyeza kwa nguvu kuliko aliyetangulia, na kesho yake naamka mkavu kama gogo. Usiku ndio ulikuwa mgumu zaidi. Nilikuwa nalala macho napiga hesabu: nikiacha cherehani, watoto watakula nini?

Shoga yangu ndiye aliyenipeleka kwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi tiba. Nilitegemea kunyooshwa na kuvutwa. Badala yake aliniuliza maswali. "Mama, haja ndogo unaizuia vizuri? Katikati ya mapaja hapana ganzi? Miguu haijalegea? Hujakonda bila sababu? Homa za usiku je? Hujaanguka?" Aliniambia jibu moja tu lingekuwa baya angenirudisha hospitali siku ileile. Nawaomba wasomaji mlishike hilo kabla ya kujaribu zoezi lolote.

Kisha akaitazama picha yangu, akanieleza jambo lililonitoa machozi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya mgongo vya watu zaidi ya 3,000 wasiolalamika maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 40, watu 68 katika kila 100 walikuwa na diski, yaani vile vimto laini kati ya pingili, zilizochakaa. Na migongo yao haikuwauma. "Mgongo wako umezeeka kidogo kama ngozi inavyozeeka," akasema. "Haujavunjika. Ila unajilinda kupita kiasi."

Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi kinachoyaendesha si kidonda tena. Mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi kushtuka. Mimi huwaza mlinzi aliyewahi kuibiwa: baada ya hapo hata paka akipita ukutani, filimbi inalia. Na mawazo, deni, kukosa usingizi, vyote vinamwongezea mlinzi huyo hofu.

Somo la kwanza nililala chali mkekani, magoti nimeyakunja, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. "Pumzi yako inaishia wapi, mama?" Nikasikiliza. Ilikuwa inaishia kwenye mtulinga. Mkono wa tumboni haukuinuka hata kidogo. Hakuniambia niirekebishe, alinitaka niiangalie tu. Baada ya dakika kadhaa ikashuka yenyewe, na tumbo likaanza kupanda na kushuka kama la mtoto aliyelala.

Halafu akaniambia niwaze kwamba chini ya nyonga zangu kuna saa ya ukutani. Saa sita ipo kiunoni, saa kumi na mbili kwenye kifandugu, saa tatu nyonga hii, saa tisa nyonga ile. Niuzungushe uzito wangu taratibu: kiuno kiguse mkeka, kisha kifandugu, kisha nirudi. Mwendo wenyewe ni mdogo mno, mtu amesimama mlangoni asingeuona. Nilipotaka kuonyesha bidii akanizuia: "Nusu ya unachoweza. Sasa nusu ya hiyo nusu." Nilipofika saa nne nilikuta pengo, mwili unaruka kutoka saa tatu hadi saa tano kama gari linalokwepa shimo. Hakuniambia nilazimishe. Tulipita pale polepole, tukapumzika, tukapita tena. Niliposimama, kwa mara ya kwanza tangu Januari ile, nilihisi nyayo zangu zote mbili zimekanyaga sakafu sawasawa.

Njia hii ina asili yake. Moshe Feldenkrais, aliyezaliwa mwaka 1904 Slavuta, mji ambao leo uko Ukraine, alikuwa mwanafizikia na mwanajudo. Goti lake liliumia vibaya, akaanza kuchunguza namna mwili unavyojifunza mwendo, akagundua kwamba mwendo mdogo, wa taratibu, usio na maumivu, ndio unaoufundisha ubongo. Kule kukaza misuli makusudi kisha kuiachia, ambako nako nilifundishwa, kulianzishwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, kwenye miaka ya 1920. Nakunja ngumi kwa sekunde tano hivi, naiachia, nasikiliza tofauti. Kisha mabega, kisha uso, hadi vidole vya miguu.

Lakini mabadiliko makubwa niliyaona kwenye cherehani. Siku moja natunga uzi kwenye sindano, nikajikuta sipumui. Meno yamebana, ulimi umegandia juu ya kinywa, bega la kushoto limepanda hadi karibu na sikio. Uzi ukaingia, nikapumua. Nikajichunguza siku nzima: kila tundu la sindano, kila pindo, kila kona ya kola, napumua baada ya kumaliza. Miaka 19 nimekuwa nabana pumzi mara mia kwa siku! Hakuna mchuaji angeweza kuniondolea hilo.

Nikaanza kutoa pumzi kwanza, ndipo nitunge uzi. Kila nusu saa simu inalia, nasimama, natembea hadi mlangoni. Baada ya adhuhuri nalala mkekani dakika ishirini. Mwezi wa pili tangu nianze mazoezi nilikata tamaa kidogo. Ilikuwa karibu na Idi, mteja mmoja alinifokea mbele ya watu, na kabla hajatoka dukani mgongo ulishakaza kama kamba. Sikuwa nimeinama wala kubeba kitu. Nilipomsimulia yule dada alifurahi, akasema sasa nimeona mwenyewe kwa macho yangu kwamba mawazo peke yake yanaweza kuukaza mgongo. Tangu hapo nilibadilisha na biashara: siahidi tarehe nisiyoiweza, na pesa za kianzio sizigusi hadi kitambaa kimekatwa. Naiona hiyo ni sehemu ya matibabu sawa na mkeka.

Vidonge nilivipunguza kwa kuzungumza na daktari, sikuviacha kwa kichwa changu. Mkanda niliuacha taratibu, kwanza usiku, kisha asubuhi.

Mwezi wa nne wa mazoezi, alfajiri moja, nilitandika mswala bila kukivuta kiti. Nilirukuu, nikatulia. Nikapiga goti moja, mkono chini, la pili. Nikatoa pumzi yote, nikashuka. Paji la uso lilipogusa mswala sikuinuka upesi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, nikamsikia amenyamaza.

Sijapona kabisa, na sitaki kumdanganya mtu. Siku za baridi na siku za mawazo kiuno kinanikumbusha. Ila sasa kikiniuma nalala chali, nazungusha ile saa, nasubiri, wala moyo haunidundi tena. Asubuhi natembea kuelekea Raskazone, narudi kufungua duka.

Ukitaka kujaribu, na huna zile dalili za hatari, anza na mkeka na mikono miwili tu, dakika kumi, kabla ya kulala. Usitafute kujinyoosha. Angalia pumzi inaishia wapi. Ikiuma, umezidisha, punguza mwendo hadi usiume. Wiki ya kwanza mimi sikufanya kingine zaidi ya hicho, na siku ya tano nililala hadi adhana ya alfajiri bila kushtuka.