Siku moja maishani mwangu: kwenye meza ya mapokezi, safari ya umisheni wa matibabu

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla ya wenzangu ili nipate kona ya kukaa peke yangu na Mungu. Tangu tufike nasoma Wafilipi. Ni barua fupi, sura 4 tu, na Paulo aliiandika akiwa kifungoni, lakini furaha inajirudia humo kama pumzi. Nyumbani nimeisoma mara nyingi nikiwa nimelala vizuri. Huku naisoma mgongo ukiuma, na inaniingia tofauti. Aliyefungwa ndiye anayewahimiza walio huru wafurahi! Nakaa na jambo hilo mpaka kunapambazuka.

Saa 1 asubuhi

Ibada ya pamoja, timu yetu na kanisa lililotupokea. Mchungaji mwenyeji anafundisha Luka 10. Yesu anawatuma wale sabini wawili wawili, wanarudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, naye anawaambia wasifurahie hilo, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Halafu mchungaji anatukumbusha habari za mmisionari Mwingereza William Carey, aliyefika India mwaka 1793 na hakumbatiza Mhindi wa kwanza, Krishna Pal, mpaka Desemba 1800. "Ripoti zake za miaka hiyo yote zingekuwa na idadi gani?" anatuuliza.

Swali hilo limetufikia hasa. Kila jioni tunaandika wangapi wametibiwa, wangapi wamepewa miwani, wangapi wameombewa. Si vibaya, dawa lazima zihesabiwe. Ila naijua furaha inayopanda na kushuka kwa hesabu, na naijua inavyochosha.

Saa 2 asubuhi

Foleni imeshazunguka jengo. Mimi niko mapokezi na kwenye meza ya kupima presha, pamoja na mkalimani. Naandika jina, umri na kinachomsumbua mtu, kisha napima.

Kupima presha vizuri kuna utaratibu ambao wengi huuruka kwa haraka. Mtu anatakiwa atulie kwenye kiti kama dakika 5, ameegemea, miguu yote miwili chini, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Muuguzi wetu hakubali mkato hata foleni iwe ndefu vipi, na ana haki: mtu aliyetoka kutembea kwa haraka au anayesimulia shida zake anaweza kuonekana ana presha ya juu, 140/90, kumbe hana.

Basi dakika zile 5 ndizo zilizonibadilisha. Siwezi kumhubiria mtu, siwezi kumuuliza habari zake, siwezi hata kumchangamsha. Tumekaa tu. Kilicho mbele yangu ni jina nililoliandika sasa hivi. Kwa hiyo naomba kimoyomoyo, kwa jina hilo. Mwanzoni maombi yalikuwa mafupi, Bwana mponye, Bwana mbariki. Sasa namtazama mtu: mikono iliyopasuka kwa kazi, mtoto anayemvuta nguo, macho yaliyokosa usingizi. Naomba kwa hayo ninayoyaona, na ndani yangu kunajaa furaha ambayo sikuitafuta. Mungu alimjua mtu huyu kabla kalamu yangu haijagusa karatasi. Mimi nimepewa kukaa karibu tu.

Saa 7 mchana

Tunakula kwa zamu. Wanaosubiri juani hawana zamu, kwa hiyo tunakula upesi.

Saa 8 mchana

Nasaidia meza ya miwani ya kusomea. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu hufifia hata kwa mtu aliyekuwa anaona vizuri maisha yake yote. Tunamshikisha mtu karatasi ya kusoma umbali wa kama sentimita 40, tunaanza na miwani hafifu, +1.00, tunapanda kidogo kidogo. Anapewa ile ya nguvu ndogo kabisa inayomwezesha kusoma bila kukaza macho.

Anafika mzee mmoja mnyamavu. Miwani ya kwanza, anatikisa kichwa. Ya pili, bado. Ya tatu, ananyamaza kabisa. Halafu anaiweka chini karatasi ya kupimia, anavuta orodha yetu ya foleni na kulitafuta jina lake kwa kidole. Analipata. Analisoma kwa sauti. Anaendelea na la jirani yake, na la anayefuata, na watu wanaitikia huko nje wakicheka: nipo, nipo!

"Mwanangu," ananiambia kupitia mkalimani, "wewe majina yetu huyawezi. Niachie mimi."

Kweli siyawezi kama yeye. Mchana wote anasimama mlangoni na miwani yake mpya, anaita watu kwa majina yao yalivyo, na foleni inakwenda kwa raha.

Saa 10 alasiri

Mama mmoja amekuja kwa ajili ya miwani, lakini mboni zake zina ukungu mweupe. Ni mtoto wa jicho. Miwani haisaidii hapo, dawa ya matone haiondoi, ni upasuaji tu. Daktari anamweleza taratibu na kumwandikia rufaa. Tunajua safari ya kwenda kupasuliwa ni ndefu na ina gharama, na mhudumu wa kanisa la hapa anachukua jukumu la kuifuatilia.

Naomba ruhusa nimwombee. Anakubali, na nikimaliza ananishika mikono na kutuombea sisi: wasafiri, walio mbali na watoto wao. Ombi lake lilikuwa refu kuliko langu. Mtu aliyeondoka mikono mitupu alikuwa na mengi ya kutoa, nami niliyapokea nikilia. Imani yake haikungoja macho yafunguke.

Saa 12 jioni

Tunafagia, na daftari la rufaa tunalikabidhi kwa wenyeji. Hili nalitilia mkazo: sisi tutaondoka, wao watabaki na watu hawa. Umisheni unaolipita kanisa lililopo huacha wagonjwa bila wa kuwafuatilia.

Saa 2 usiku

Kiongozi anauliza kila mmoja amemwona Bwana wapi leo. Hesabu imeachwa mwishoni, na sidhani ni bahati. Mimi nasimulia zile dakika 5. Muuguzi, ambaye si mwepesi wa maneno, anasema naye huomba hivyo hivyo kwa miaka, akidhani ni yeye peke yake. Tunamtaja yule mama kwa jina na kumwombea, yeye na wote wenye rufaa.

Kesho tunaongeza viti viwili karibu na meza ya presha, watu waanze kutulia mapema. Mzee ameahidi kuwahi mlangoni. Nami nitakuwa na majina mengi zaidi ya kuomba.