Nilivyopandisha bei ya vyumba wakati wa Bunge la Bajeti

Gesti ninayoisimamia Kisasa, Dodoma, ina vyumba 12, na hadi Machi 2024 kila chumba kilikuwa shilingi 35,000 kwa usiku mmoja pamoja na chai ya asubuhi. Kila mwaka, Bunge la Bajeti linapoanza mwezi Aprili hadi linapoahirishwa mwishoni mwa Juni, mji hufurika maofisa wa wizara, madereva wao na watu waliokuja kufuatilia mambo yao, na kila mwaka nilikuwa nawarudisha wageni mlangoni kwa kukosa nafasi. Nikaona ninajipunja. Aprili ile nikabandika karatasi mpya mapokezi: 45,000.

Wageni wa kupita hawakushtuka, kwa kuwa mtu anayefika saa nne usiku na begi begani hana bei ya zamani ya kulinganisha nayo. Walioshtuka ni wale wangu wa kila mwezi. Dereva mmoja wa serikali, ambaye kwa miaka minne alikuwa akilala chumba namba 7 na hata pasi yake ya nguo alikuwa akiiacha kwetu, aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, hata mimi ni 45?" Nilimjibu kuwa bei ni moja kwa wote. Alilala usiku mmoja, asubuhi akahama, na pasi akaichukua.

Nilichelewa kuielewa hesabu yake. Posho ya kujikimu hutolewa kwa kiwango kimoja kwa siku, hivyo kinachobaki baada ya kulala na kula ni chake. Nyongeza yangu ya 10,000, kwa safari ya siku 14, ilikuwa 140,000 zinazotoka mfukoni mwake.

Daftari, hata hivyo, lilinidanganya. Vyumba 12 kwa bei ya zamani vilikuwa vikiniingizia 420,000 kwa usiku, na sasa vyumba 10 tu viliniletea 450,000, huku shuka za kufua zikiwa zimepungua. Nilijipongeza hadi Julai, Bunge lilipokwisha na vyumba vyenye watu vikabaki vitatu au vinne, kwa sababu waliokuwa wakinibeba miezi hiyo ni walewale niliowafukuza kwa karatasi.

Nikashusha hadi 28,000. Hapo nilikosea zaidi: wawili waliopiga simu waliuliza chumba kina kasoro gani. Isitoshe, Julai hiyohiyo treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mwenye shughuli ya muda wa saa mbili tu wizarani akawa anaweza kurudi kwake jioni. Huyo hata ukimpa chumba kwa 15,000 hana haja nacho.

Mwezi Septemba nilirudisha 35,000, nikawapigia simu wageni tisa wa zamani mmoja mmoja, nikawaahidi kuwa bei yao haitabadilika hata Bunge likiwepo, mradi wanijulishe siku mbili kabla. Asiyetoa taarifa atalipa 45,000 msimu ukifika, na karatasi ya kusema hivyo niliibandika Februari 2025, mapema. Watano wamerudi. Mwenye namba 7 ni mmoja wao, ila pasi yake siku hizi huondoka nayo.