Ugonjwa umefuata njia ya vibarua na malori

Kila mara matokeo ya utafiti wa kitaifa wa UKIMWI yanapotangazwa, mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini husomwa kwanza. Katika utafiti wa mwaka 2022/2023, maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 4.4. Baada ya hapo hufuata maelezo tuliyokwisha kuyazoea: kurithi wajane, ulanzi (pombe ya mianzi), wanaume wasiotahiriwa. Sibezi maelezo hayo. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, kama ilivyothibitishwa na majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda na Afrika Kusini, na vijana wengi wa Iringa na Njombe wameitikia wito huo. Linaloniumiza ni kwamba mazungumzo huishia hapo, kana kwamba tulizaliwa na tabia fulani inayovuta magonjwa, na hakuna anayeuliza ni akina nani waliozitawanya familia zetu na walipata nini kwa kufanya hivyo.

Wakati wa Waingereza, Njombe ilifanywa kuwa wilaya ya kutoa vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa kuwa njia za kuipata fedha hiyo nyumbani zilikuwa chache mno, wanaume wa Kibena na wa Kikinga waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU, na kazi hiyo ikawa na mpangilio kamili wa mikataba, makambi na usafiri. Ujira ulipangwa kwa kumtazama mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa sababu mke aliyeachwa Lupembe au Makete ndiye aliyelima chakula cha familia, akawauguza wagonjwa na kumpokea mume wake mwili ulipokwisha nguvu. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa kijijini aliligharimia shamba la mzungu bila kulipwa hata senti moja.

Rungwe nako wanaume walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wengine wakafika hadi kwenye dhahabu ya Johannesburg kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi hiyo. Vumbi la mawe ya migodi ile huharibu mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi mkubwa. Mchimbaji aliyeanza kukohoa alirudishwa kwao, akalala chumba kimoja na watoto wake. Mwaka 2018 kampuni kubwa za dhahabu za Afrika Kusini zilikubali kuweka randi bilioni 5 kwa ajili ya kuwafidia wagonjwa hao baada ya kesi ya miaka mingi, lakini makubaliano hayo yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mzee aliyerudi Rungwe kabla ya hapo hahesabiki, wala wajukuu wake hawana pa kudai. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na bado sioni haki yoyote ndani yake.

Kwa hiyo UKIMWI ulipoanza kutambuliwa nchini, Kagera mwaka 1983, ulizikuta kwetu familia zilizokwisha kugawanywa na kazi kwa vizazi viwili au vitatu, ukaikuta na barabara kuu ya kwenda Zambia. Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala, Mlowo na Tunduma ni miji iliyokua kwa kuwalaza na kuwalisha madereva. Shaba na kobalti ya Kongo hupita hapo kuelekea bandarini na viwanda vya ng'ambo, na sisi hubakiwa na vumbi, ajali na nyumba za kulala wageni.

Hapa ndipo rushwa inapoingia moja kwa moja katika habari ya ugonjwa, ingawa watu hawaitaji kwa nafasi hiyo. Kabla ya kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukagua mahali pamoja, kuzinduliwa Tunduma mwaka 2019, foleni ya malori ilikuwa ikidumu kwa siku kadhaa. Kila karatasi iliyocheleweshwa makusudi ili dereva atoe chochote ilimwongezea usiku mwingine mbali na mkewe, na binti aliyekosa ada ya shule alikuwa hapo karibu akiuza chakula. Anayeidai rushwa ya mpakani hajioni kuwa anaeneza ugonjwa. Mimi nasema anaueneza.

Zahanati nazo zina yake. Mama yangu mdogo anatumia dawa za kufubaza virusi (ARV), ambazo hutolewa bure. Alipopata fangasi ya koo, katika kituo ambacho sitakitaja, aliambiwa dawa zimeisha na akaelekezwa duka lililo ng'ambo ya barabara. Vidonge alivyouziwa vilikuwa na herufi GOT, alama inayowekwa kwenye dawa za serikali ili zisiuzwe. Aliuza debe mbili za mahindi ili kununua kitu ambacho kodi yake ilikwisha kukilipia. Mwaka 2012 nchi ilishuhudia jambo baya zaidi, pale ARV bandia zilipogunduliwa ndani ya mfumo wenyewe wa serikali na kulazimu kuondolewa hospitalini.

Sisahau pia walichotufanyia wenye hataza, yaani kampuni zenye haki ya pekee ya kutengeneza dawa. Mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwa inaweza kuzitoa kwa dola 350. Wakati huohuo kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishitaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria ya kupata dawa nafuu, zikaiondoa kesi Aprili 2001 kwa aibu. Rais Mkapa alikuwa amekwisha kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999, lakini ARV zilianza kutolewa katika hospitali za umma mwaka 2004. Makaburi mengi ya vijijini kwetu ni ya miaka hiyo ya katikati.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wagonjwa walipatwa na hofu ya kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya huduma hizi imeegemea fedha hizo. Serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ya kwetu imebaki mbali na kiwango hicho.

Wabunge wa mikoa yetu waidai ahadi hiyo kila bajeti inaposomwa. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo, nataka orodha ya dawa zilizopokelewa na zahanati isomwe katika mkutano huohuo, pamoja na idadi ya zilizobaki, mbele ya mganga mfawidhi na wananchi wanaoweza kuuliza zilizopungua zilikwenda wapi.